Nguzo za afya ya jamii ni zipi, na nianze na ipi? Jibu kwa tabibu wa Buguruni

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni tabibu katika zahanati moja Buguruni, Dar es Salaam. Kila masika napokea watoto wanaohara, nawapa ORS na zinki, wanapona, halafu baada ya wiki chache wanarudi wale wale. Nafikiria kwenda kusoma shahada ya afya ya jamii, lakini wenzangu kazini wananiambia ni kozi ya semina, fulana na posho. Naomba unieleze: msingi wa fani hii ni nini hasa, matawi yake makuu ni yapi, na mtu kama mimi aanzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeona jambo ambalo wengi waliokaa kwenye kiti kama chako waliliona mpaka wakalizoea: watoto ni wale wale. Fani hii inaanzia hapo. Ukiwa tabibu, mtoto akiingia unajiuliza ana nini na umpe nini. Ukivuka upande wa pili unajiuliza kwa nini wanaumwa hawa, wa mtaa huu, msimu huu, ilhali wa ng'ambo ya barabara wako salama. Swali la kwanza unalijibu ukiwa umekaa na mgonjwa. La pili litakutoa nje ya zahanati, likutembeze visimani, vyooni, sokoni, ofisi ya mtendaji wa kata, na mwisho kabisa likufikishe mezani panapogawanywa bajeti.

Mwaka 1920 Charles-Edward Winslow, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliieleza afya ya jamii kuwa ni sayansi na sanaa ya kuzuia magonjwa, kurefusha maisha na kuendeleza afya kwa juhudi za jamii zilizopangwa. Wanafunzi hukariri maelezo hayo na kuyapita haraka maneno ya mwisho. Mimi naona uzito wote uko pale, kwenye juhudi zilizopangwa. Mama wa mtaa wa Mnyamani, hapo hapo Buguruni, anaweza kuchemsha maji yake, kunawa mikono na kufunika chakula. Hawezi peke yake kujenga mfereji wa majitaka, kumzuia jirani asitapishe choo mvua inaponyesha, wala kuhakikisha chanjo inafika kwenye jokofu la zahanati ikiwa bado nzima. Mambo hayo hufanywa na wengi kwa mpango, ama hayafanyiki kabisa.

Tawi ambalo ningekushauri ulijue kabla ya mengine yote ni epidemiolojia, elimu ya kujua ugonjwa unamkuta nani, wapi, lini na kwa nini. Wengi wakilitaja humtaja daktari John Snow na pampu ya maji ya Broad Street, London, ambayo mpini wake uling'olewa Septemba 1854. Ni kisa kizuri, lakini Snow ana kazi nyingine kubwa zaidi, na hiyo inafanana sana na mazingira yako. Kusini mwa London kampuni mbili zilikuwa zimepitisha mabomba ya maji kwenye mitaa ile ile. Nyumba hii inapata maji ya kampuni moja, ya jirani inapata ya nyingine, na matajiri na maskini wamechanganyika pande zote mbili. Mwaka 1852 kampuni ya Lambeth ilihamisha sehemu yake ya kuchotea, ikapanda juu ya mto Thames ambako kinyesi cha jiji hakijaingia. Kampuni ya Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota palepale pachafu. Kipindupindu kilipopamba moto mwaka 1854, Snow alizunguka kwenye nyumba zenye misiba akiuliza maji yao yanatoka wapi. Wapangaji wengi hawakujua, maana aliyelipia maji ni mwenye nyumba, hivyo akawa anapima chumvi iliyomo kwenye maji ili atambue ni ya kampuni ipi. Hesabu yake ikatoka hivi: nyumba 40,046 za Southwark and Vauxhall zilipata vifo 1,263, sawa na vifo 315 kwa kila nyumba 10,000. Nyumba 26,107 za Lambeth zilipata vifo 98, sawa na 37 kwa kila nyumba 10,000.

Bila idadi ya nyumba, hesabu hiyo isingesema kitu. Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Zahanati imejaa viasi: wagonjwa wa leo, wagonjwa wa mwezi. Asili yake haiko zahanati, iko mtaani kwa wale ambao hawakuja. Tuseme umepokea watoto 40 wanaohara kutoka Malapa na 30 kutoka Mnyamani. Kwa haraka ungesema Malapa ndiko kwenye hali mbaya. Kisha unawafuata watendaji wa mitaa na kukuta Malapa ina watoto 4,000 wa chini ya miaka mitano na Mnyamani ina 1,000 (namba hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano tu). Malapa ni 10 kwa kila watoto 1,000, Mnyamani ni 30. Bila ile asili, wahudumu na dawa ya kutibu maji vingepelekwa mtaa ambao si wake. Nimeona taarifa nyingi sana zikiandikwa kwa viasi vitupu, na maamuzi mazito yakifanywa juu yake, na huwa naumia kila mara kwa sababu kosa hilo linaondolewa kwa simu moja kwa mtendaji.

Jambo la pili la kujifunza kwa Snow ni kwamba hakukijua kijidudu. Robert Koch alipokithibitisha kijidudu cha kipindupindu mwaka 1884, Snow alikuwa amefariki tangu 1858. Koch huyo baadaye alifika hapa kwetu, kati ya 1897 na 1898, akafanya utafiti wa malaria Dar es Salaam. Maabara ni muhimu na mimi ni wa kwanza kuitetea, lakini ukisubiri kila jibu la maabara ndipo uzuie chanzo, utakuwa unahesabu makaburi.

Sasa nikupe kazi ambayo huhitaji kwenda chuo kuifanya. Fungua kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) cha wagonjwa wa nje, masika iliyopita. Tafuta karatasi ya miraba kama ile ya hesabu. Chini andika tarehe, na kila mtoto aliyehara mpe mraba mmoja juu ya tarehe yake, ukipandisha mmoja juu ya mwingine. Tarehe unayoitaka hasa ni ile aliyoanza kuumwa, kwa sababu mama huweza kukaa siku mbili au tatu akijaribu duka la dawa kwanza. Kwa masika iliyopita itabidi utumie tarehe ya kuletwa, lakini kuanzia sasa uliza na uandike pembeni. Umbo litakalotokea lina habari. Rundo moja linalopanda ghafla na kushuka baada ya siku chache huelekeza kwenye chanzo kimoja kilichowagusa wengi kwa pamoja, kwa mfano chakula cha shughuli. Vilima vinavyofuatana, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, huelekeza kwenye ugonjwa unaopita kati ya mtu na mtu majumbani. Mstari unaokaa juu wiki baada ya wiki huelekeza kwenye chanzo ambacho bado kiko wazi, na hapo ningeanza kushuku maji.

Halafu kila mraba upake rangi kulingana na maji ya nyumbani kwa mtoto: bomba la DAWASA (mamlaka ya maji ya jiji), kisima kifupi, boza, au dumu la mkokoteni. Kwenye uchochoro mmoja wa Buguruni utakuta vyanzo vyote vinne. Wewe unayo mitaa ya kusini mwa London mlangoni kwako, na tofauti na Snow huna haja ya kupima chumvi, uliza tu. Ila usiwaulize wagonjwa peke yao. Ukikuta wagonjwa wengi wanatumia kisima, bado hujajua kitu mpaka ujue majirani wasioumwa wanatumia nini. Kwa kila mtoto anayehara tafuta mmoja au wawili wa umri wake, mtaa wake, ambao hawakuhara, na uwaulize mama zao maswali yale yale kwa maneno yale yale. Watu wengi hushindwa hapo, kwa sababu mgonjwa anakuja mwenyewe, lakini mzima ni lazima umfuate.

Takwimu za afya hufundishwa bega kwa bega na epidemiolojia, na wanafunzi huziogopa bila sababu. Kazi yake ya kwanza ni kukuzuia usidanganywe na namba ndogo zinazorukaruka: wagonjwa watatu wiki hii na sita wiki ijayo si lazima iwe dalili ya mlipuko. Kazi ya pili ni kutenganisha mambo yanayotembea pamoja. Wazee wetu wengi husema maembe ya mwanzo wa msimu huleta kuhara. Ni kweli maembe na kuhara huja pamoja, lakini mvua za vuli nazo zinakuja wakati huo huo, na mvua hiyo ndiyo inayofurisha vyoo na kuingiza uchafu visimani. Ukitaka kujua kama embe lina kosa, linganisha walaji na wasiokula ndani ya kundi la watu wanaokunywa maji ya aina moja. Ukilielewa hilo vizuri, mahesabu yanayofuata ni ufundi tu ambao kompyuta itakusaidia.

Kuna kazi nyingine ndani ya epidemiolojia ambayo haina sifa mtaani, nayo ni ufuatiliaji wa magonjwa, yaani kuhesabu kila wiki bila kuchoka hata kama hakuna mlipuko. Ndui ilitokomezwa kwa njia hiyo. Kuchanja watu wote hakukutosha, kwa sababu daima walibaki waliokosa. Kilichoimaliza ni kuwatafuta wagonjwa mmoja mmoja, kujua nani alikutana nao, na kuwachanja wote waliowazunguka. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya asili alikuwa jirani yetu wa pwani hii hii ya Afrika Mashariki, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Maalin baadaye alijitolea kwenye kampeni za chanjo ya polio, akiwaambia wazazi yaliyompata, na alifariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa kwenye kazi hiyo. Kila unapojaza fomu ya wiki ukiona ni usumbufu, ujue ndui ilimalizwa na watu waliojaza fomu kama hizo.

Turudi kwenye choo, kwa sababu watoto wako wataishia hapo hata ukizunguka vipi. Afya ya mazingira ndilo tawi ambalo Dar es Salaam inalihitaji kuliko yote, na ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Wewe uko karibu na bonde la Msimbazi, unajua kinachotokea mvua kubwa ikianza usiku. Mwenye nyumba ambaye shimo lake limejaa hutoboa ukuta wake kwa upande wa chini, au hufungua bomba alilolichomeka zamani, na kuacha maji ya mvua yachukue. Asubuhi watoto wanacheza kwenye maji hayo hayo. Mtaa mzima unajua nani ametapisha, na hakuna anayesema, kwa sababu mwakani itakuwa zamu yake. Nimewahi kukaa na watu wanaofanya hivyo na kuwauliza kwa upole. Wanajua kabisa kwamba ni hatari. Wanasema gari la kunyonya majitaka halipiti kwenye uchochoro wao, na hata likisimama barabarani mpira hauwafikii, na fedha yake hawana. Mabwawa ya majitaka ya Vingunguti yako jirani kabisa, ila kati ya shimo na bwawa hakuna njia.

Ukishasikia hayo, afya ya mazingira inaacha kuwa somo la kufagia. Inakuwa somo la upana wa vichochoro, kina cha maji ya ardhini, umbali kati ya shimo na kisima, pampu ndogo za mkono zinazoweza kuingia pasipoingia lori, na bei ambayo mpangaji anaweza kulipa kidogo kidogo. Ni somo la sheria pia. Tunayo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na bwana afya ana nguvu ya kukagua na kuchukua hatua. Maoni yangu ni kwamba faini isiyo na njia mbadala huhamishia kutapisha kwenye saa za usiku mkubwa zaidi, haiondoi.

Na lazima nikwambie kwamba tawi hili lina historia inayouma. Waingereza walipopanga Dar es Salaam miaka ya 1920 waliligawa jiji kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na eneo la wazi la Mnazi Mmoja likaachwa kati ili kuwatenga Waafrika na wengine. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Maji safi, mifereji na barabara vikaenda upande mmoja, na upande wa pili ukaambiwa ni mchafu. Sehemu ya unachokiona Buguruni leo ina mizizi kwenye mipango ya namna hiyo. Mtaalamu wa afya ya jamii asiyeijua historia hiyo huingia mtaani akihubiri usafi kwa watu ambao walinyimwa mfereji, na hushangaa kwa nini hawamsikilizi.

Elimu ya wadudu waenezao magonjwa mara nyingi hukaa ndani ya afya ya mazingira au pembeni yake. Hapa Dar es Salaam tunao mfano wa kujivunia. Mwaka 2004 halmashauri ya jiji na washirika wake walianzisha mpango wa kudhibiti malaria mijini katika kata 15. Wakazi wa mitaa yenyewe walifundishwa kutafuta mazalia ya mbu wa malaria kila wiki, kwenye mifereji iliyoziba, mashimo ya ujenzi na maji yanayotuama kati ya matuta ya bustani za mabondeni. Mwaka 2006 wakaanza kunyunyizia viuadudu vya kibaiolojia kwenye kata tatu za kwanza, na kata yako ya Buguruni ilikuwa mojawapo, pamoja na Kurasini na Mikocheni. Maambukizi yalipungua. Baadaye, mwaka 2015, kikazinduliwa kiwanda cha viuadudu hivyo Kibaha. Mimi ninachokipenda kwenye mpango ule ni daftari la mkazi aliyepita kila wiki kwenye eneo lake, akachora ramani kwa mkono, nyumba kwa nyumba, dimbwi kwa dimbwi. Lakini angalia pia mipaka yake. Homa ya dengue ilipolipuka jijini mwaka 2014, na tena 2019, ilikuja na mbu mwingine kabisa, anayezaa kwenye maji safi ya ndoo, matairi na vyungu vya maua, na anayeuma mchana. Chandarua ulichowapa watu kwa ajili ya malaria hakiwakingi na huyo wakiwa dukani saa nne asubuhi. Usipomjua mdudu, utatumia silaha sahihi kwa adui asiye sahihi.

Wenzako wanaposema semina na fulana, nadhani wanalisema tawi la elimu ya afya na sayansi ya tabia, na kwa sehemu wana haki ya kulalamika. Zimefanyika kampeni nyingi ambazo hazikuacha kitu zaidi ya bango. Lakini nchi hii iliwahi kulifanya jambo hilo vizuri kuliko nchi nyingi. Mwaka 1973 ilikuwepo kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi vijijini na mijini, wakasikiliza kipindi cha redio kwa pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaamua wao wenyewe watafanya nini kabla ya kukutana tena. Mamia ya maelfu ya vyoo vilichimbwa. Siri yake ilikuwa kwenye kikundi na kwenye uamuzi. Redio peke yake isingechimba choo.

Kwa hiyo kabla hujamfundisha mama kuchemsha maji, mwulize anayachemsha kwa kutumia nini na kwa fedha ipi. Kama anapika kwa mkaa wa kupima kwenye kopo, kila sufuria ya maji ya kunywa inakula mkaa wa uji wa mtoto. Ukimpa kidonge cha kutibu maji huenda akakwambia yananuka dawa na mumewe hayataki. Hayo yote ni taarifa, na yana njia zake za kukusanywa kwa utaratibu: mahojiano ya kina, majadiliano ya vikundi, kukaa na kutazama. Ukija kwetu chuoni utayasoma kwa uzito ule ule wa takwimu, maana takwimu itakuonyesha kwamba asilimia fulani hawatibu maji, na haitakwambia ni kwa nini.

Sera, uchumi na uongozi wa huduma za afya ndilo tawi ambalo matabibu wengi hulikwepa kwa kuona ni la wanasiasa. Nikupe mfano mmoja unaotosha. Miaka ya 1990 kuelekea 2000, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, ulifanyika mradi uliojulikana kama TEHIP. Watafiti walihesabu nyumba kwa nyumba watu wanakufa kwa sababu gani, kisha wakachora kwa picha rahisi bajeti ya wilaya inakwenda wapi. Timu za wilaya zilipoweka picha mbili hizo sambamba, ziliona zenyewe kwamba malaria na magonjwa ya utotoni, yaliyokuwa yakiua wengi, yalikuwa yakipata fungu dogo kuliko uzito wake. Zikapanga upya, na zikapewa nyongeza isiyozidi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mimi nausimulia mfano huo kila mwaka kwa wanafunzi wapya, kwa sababu kila nikiutaja huwepo mtu aliyekuja akidhani bajeti ni kazi ya mhasibu.

Tawi hilo ndilo pia linalobeba maamuzi magumu ya haki. Kipindupindu kilipoanzia Kinondoni Agosti 2015 na kusambaa mikoa mingi ya Bara mpaka Zanzibar, moja ya hatua zilizochukuliwa ilikuwa kuzuia uuzaji wa chakula kwenye maeneo ya wazi. Ukiwa na namba mkononi utaona mantiki. Ukiwa na mama lishe mbele yako, mwenye mtaji wa siku moja na watoto wanaosubiri, utaona gharama. Anayeamua lazima aone vyote viwili, na ajiulize kama maji ya kunawia, ndoo yenye koki na ukaguzi wa kila asubuhi visingefanya kazi hiyo hiyo bila kumfunga mtu riziki.

Yapo matawi mengine nitayapita haraka. Lishe, afya ya uzazi na mtoto, na chanjo unayafahamu kutoka kliniki. Nikukumbushe tu kuangalia kadi za watoto wako wanaorudi, kwa kuwa chanjo ya rota, kirusi kinachowaharisha watoto, imo kwenye ratiba yetu tangu 2013 na hutolewa wiki ya 6 na ya 10, na aliyeikosa kwa wakati si rahisi kuipata baadaye. Afya na usalama mahali pa kazi ni tawi lenye wataalamu wachache mno ukilinganisha na wachomeleaji wasio na miwani na wapasua kokoto waliojaa jijini. Magonjwa yasiyoambukiza na ajali nayo yamo humu humu: shinikizo la damu, kisukari, ajali za bodaboda. Njia ya kufikiri ni ile ile ya nani, wapi, lini. Ajali nazo zina makutano yake, saa zake na umri wake.

Uanzie wapi? Ungekuwa umetoka moja kwa moja sekondari ningekujibu tofauti. Kwa tabibu mwenye wagonjwa mbele yake, nasema epidemiolojia na takwimu kwanza, kwa sababu zitakupa macho, na matawi mengine utayachagua kwa kile utakachokiona. Nahisi utaishia kwenye afya ya mazingira, na ningefurahi sana. Kabla ya kuomba chuo, hakikisha kozi imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, kisha waulize waliohitimu maswali mawili: mlikaa mtaani muda gani, na je, mlichambua takwimu halisi au za kitabuni? Chuo kisichokutoa darasani kitakufanya uwe kama hao wa fulana na posho ambao wenzako wanawacheka.

Wakati unasubiri msimu wa maombi, anza ile kazi ya miraba. Mwombe ruhusa mganga mfawidhi wako, naye amjulishe Mganga Mkuu wa Jiji, maana taarifa za wagonjwa si mali yako wala yangu. Kwenye karatasi weka umri, mtaa, tarehe na chanzo cha maji, majina yabaki kwenye kitabu. Ukikuta wagonjwa wamerundikana kwenye kisima kimoja, usikitangaze mtaani siku hiyo. Mwite kwanza bwana afya wa kata mkachukue sampuli ya maji pamoja, na mwende na jibu la watu watachota wapi kisima kikifungwa. Ukishamaliza miezi ya masika, nitumie picha ya karatasi hiyo, tuisome pamoja.